Kivinjari Kisichoacha Kitu

Nakiri, mimi ni mtoto wa Ilomba, Mbeya. Ila nilipoajiriwa Iringa nilijitia Mhehe, na bosi wetu, Mama Kikoti, akawa ananisalimia kila asubuhi kwa Kihehe: "Kamwene."

Juzi, mtaalamu mimi, nikawasha projekta kuwashawishi wenzangu wahamie kivinjari kipya. Ni chepesi, hakili bando. "Tena kinabeba kila kitu kutoka kile cha zamani," nikatamba. "Hakiachi hata chembe."

Ili waone, nikaanza kuandika "kampuni". Nilipofika "kam", ukutani yakajipanga yote niliyowahi kutafuta:

"Kamwene maana yake nini."

"Mtu akisema kamwene unaitikiaje."

Mama Kikoti akavua miwani. "Kamwene," akanisalimia taratibu, na ofisi nzima ikageuka kusikiliza nitaitikiaje.