Majirani wa Mwimbaji Niliowachoma

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Nilipewa ndoo. Mzee Wachira, mwenye studio pale Nyeri mjini, aliniambia nioshe picha zilizotoka kwenye dawa ya kusafishia na nibadilishe maji mara saba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeacha shule darasa la saba, na nilidhani kazi ya picha ni kubonyeza tu.

"Wewe kijana," akasema, "picha ikibaki na dawa, mwaka ujao inakuwa manjano kama maji ya maharagwe. Mwenyewe akirudi atatukana mimi, si wewe. Osha."

Naanza na mzee huyo kwa sababu alikuwa mtu safi. Mabaya yote ninayoandika hapa yalifanyika yeye akiwa ameshazikwa, na walioyafanya ni watatu: Gichohi mfanyabiashara, Muriuki mtoto wa mzee, na mimi Ndirangu. Nataja majina makusudi. Kuna mwimbaji pia, lakini jina lake sitalitaja. Yeye hana kosa, na watu wake bado wako.

Nyinyi mnaopiga picha kwa simu hamjui negativu, kwa hivyo nieleze. Ni ile filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera. Ukiiangalia, peusi ni peupe na peupe ni peusi, mtu anaonekana kama mzimu. Kutoka kwa hiyo moja unaweza kutoa picha za karatasi elfu. Ikipotea, umebaki na karatasi, na karatasi inachanika. Mteja alikwenda nyumbani na karatasi. Negativu ilibaki studio, ndani ya bahasha nyembamba, imeandikwa namba. Mzee Wachira alikuwa na makabati matatu ya hizo bahasha. "Hapa nimeweka watu," ndivyo alivyosema. Hakusema picha.

Baada ya mwaka wa ndoo nilipandishwa, nikawa mtu wa penseli. Unaweka negativu juu ya kioo chenye taa chini yake, unachonga penseli mpaka iwe kama sindano, unagusa uso wa mtu polepole sana. Chunusi ikitokea kwenye filamu ni kidoa chepesi. Ukikijaza kwa penseli, kwenye karatasi chunusi imeisha. Uso mmoja unaweza kukaa nao saa nzima. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na mzee alinisifu mbele ya wengine, kitu ambacho alifanya mara chache. Nilimfanyia kazi miaka minne, kisha akanipeleka tawi la Karatina, ambako meneja alikuwa mtu wa kelele asiyejua penseli wala dawa. Nikakaa huko mpaka filamu za rangi zilipokuja na mashine zikafanya kila kitu. Mtu wa penseli hakuhitajika tena. Nikarudi Giakanja, nikafungua kibanda cha picha za pasipoti.

Miaka ikapita. Mzee akafa, studio ikafungwa. Siku moja Muriuki akanipigia simu. Ati kuna bwana kutoka Nairobi anatafuta negativu za watu mashuhuri wa zamani: waimbaji, mabondia, wanasiasa, wakimbiaji. Ati huko nje kuna matajiri wanazikusanya, wanataka ile filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera siku ile, karatasi hawataki. Na mimi ndiye niliyejua kuzisoma, na nilijua studio zote za zamani kutoka Nyeri mpaka Kangema.

Bwana huyo ndiye Gichohi. Alivaa koti la ngozi hata kukiwa na jua. Tulikutana kwenye hoteli ya chai, akanipa kazi papo hapo.

"Fundi, wewe zunguka. Wapigapicha wamekufa, wake zao wamebaki na maboksi. Waambie ni takataka."

"Wakikataa?"

"Waambie zina sumu. Ziko na sumu ama haziko?"

"Haziko."

"Basi leo ziko."

Nikasema. Nilikaa kwenye viti vya wajane, nikanywa chai yao, nikawaambia filamu za zamani zinatoa hewa mbaya na zitaua wajukuu. Mama mmoja wa Kangema alinishukuru. Alinibebea boksi mwenyewe mpaka barabarani, akaniombea.

Lakini aibu yangu kubwa si hiyo. Kubwa ni kukata.

Filamu tulizotumia zilikuwa na picha kumi na mbili, na baada ya kusafisha tulizikata vipande vya picha tatu tatu. Kwa hivyo mtu mashuhuri hakuwa peke yake. Kando yake alikuwa yeyote aliyeingia studio kabla yake au baada yake: bibi harusi, mwalimu, mtoto wa kubatizwa. Hao tuliwaita majirani. Gichohi hakuwataka. Sababu aliisema wazi: jirani akitambulika, mahali picha ilipopigwa patajulikana pia, na watu wa mwimbaji watakuja kudai. Kwa hivyo nilikata mtu mashuhuri kwa mkasi, nikamweka kwa bahasha mpya, na majirani wakaingia kwenye pipa nyuma ya kibanda changu, nikawasha moto. Maboksi yasiyokuwa na mtu mashuhuri yaliingia yote.

Mara ya kwanza nilimwambia Gichohi, "Hawa wengine tungewaweka tu. Hawali chakula."

Akacheka. "Ati tuwaweke! Hawa ni akina nani, Ndirangu? Wanajulikana na nani?"

Muriuki alikuwa hapo, mtoto wa yule mzee. Akacheka pia. Na mimi, nisijitoe, nikacheka. Moshi wa filamu ni mweusi na unanuka vibaya. Kifua changu hakijapona mpaka leo.

Makabati ya mzee Wachira tuliyamaliza kwa wiki mbili. Ndani ya moja nikapata kipande cha yule mwimbaji. Picha ya kwanza ni mama mmoja amekaa, mikono magotini. Ya pili ni mwimbaji na gitaa. Ya tatu ni mwimbaji tena. Nilimjua mama huyo kabla sijaweka filamu kwenye taa. Nikakata.

Miezi mitatu haikuisha, mwanamke akaja kibandani. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, ana vitabu vya wanafunzi kwapani.

"Shikamoo mzee. Ni wewe Ndirangu wa penseli?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Naitwa Nekesa. Ni mwalimu, nakaa mtaa wa Skuta na baba yangu. Alikuwa sajenti wa polisi hapa Nyeri. Mama alikufa nikiwa mdogo, sijui hata sura. Alipigwa picha mara moja tu, kwa studio ya Wachira. Hiyo picha alimtumia nyanya yangu huko Bungoma, ikaliwa na mchwa. Baba anasema negativu zilikuwa zinawekwa."

Nilijua ni nani anayesema nami. Siku ya picha hiyo mama yake alitaka kupigwa peke yake, na alikuwa na mtoto mgongoni. Mwimbaji alikuwa ameketi akingoja zamu yake, akasema huyo mama atangulie. Mtoto alifunguliwa kwenye shuka akapewa mimi. Nilimshika mpaka picha ikaisha, na alinikojolea shati.

"Zilinyeshewa," nikamwambia. "Paa lilikuwa na shimo. Zote zilioza."

Akavihamishia vitabu kwapa la pili. Kisha akasema, "Baba anasema wewe ndiye ulikuwa unatengeneza nyuso. Pengine unamkumbuka? Hata niambie tu alikuwa aje. Baba nikimuuliza analia, hamalizi."

"Mwalimu, watu walikuwa wengi. Siwezi kumkumbuka mmoja."

Akanishukuru, akaenda. Ningesema namkumbuka, angeuliza nimemkumbukaje vizuri hivyo, na nilimwona lini mara ya mwisho. Nyuma yangu lile pipa lilikuwa bado lina majivu.

Gichohi alituacha alipopata alichotaka. Muriuki aliuza studio ya baba yake, siku hizi tukikutana sokoni anavuka barabara. Mimi niliendelea na pasipoti mpaka macho yakakataa, nikafunga kibanda. Hiyo ndiyo kustaafu kwangu, hakuna aliyeniaga. Vijana huja kuniuliza kama nina negativu za zamani, wamesikia zina soko. Nawafukuza, na wanadhani ni ukali wa uzee.

Mwaka jana nilikuwa duka la fotokopi. Mwenye duka alikuwa anatoa karatasi za ibada ya mazishi, zile zenye maisha ya marehemu. Ilikuwa ya yule sajenti. Ndani kulikuwa na picha yake ya magwanda, na kando yake wameacha mraba mtupu, chini yake wameandika jina la mkewe.

Hata hapo niliogopa. Nikangoja mpaka mwili umesafirishwa Bungoma na mwalimu amerudi. Ndipo nikaenda Skuta. Alinipa kiti, akanipa chai, nikamwambia yote: Gichohi, mkasi, pipa, mvua ambayo haikunyesha. Hakunipigia kelele. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hivyo ulikuwa unamkumbuka."

"Nilimkumbuka."

"Na baba alikuwa hapa. Chumba hicho. Ungesema siku ile, ningeingia nimuulize kama ni kweli."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa nitajuaje si uongo mwingine?"

Nikaanza kumweleza mama yake. Uso mrefu. Nywele zimesukwa kwenda nyuma. Meno ya mbele yameachana. Kovu dogo shavuni, kama mtu amekwaruzwa na mwiba. Mzee Wachira alikuwa ameniambia nilifute, lakini mama mwenyewe alirudi kesho yake kusema nisiliguse, mamake huko Bungoma atamjulia hapo. Nikaliacha.

Mwalimu aliinuka kidogo kwenye kiti. "Shavu gani?"

Nikainua mkono nionyeshe, nikaurudisha gotini. Mtu wa penseli hufanya kazi upande wa filamu usiong'aa, na upande huo uso umegeuka: kushoto kunaonekana kulia. Mama huyo nilimwona kwa macho dakika chache, nikamwona kwenye filamu saa nzima. Sijui ninayemkumbuka ni yupi.

"Sema tu," akaniambia. "Shavu gani?"

Aliweka kidole kwenye shavu lake la kushoto, akanitazama. Akakitoa, akakiweka kwenye la kulia, akangoja.