Siku mama alipoitwa mbele ya wajumbe wa Legiko kuhojiwa habari za karantini ya Pongwe

Salaam wakuu. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa sidhani kama humu mmebaki wengi.

Mimi ni wa kusoma na kupita. Lakini wiki hii nimeona watu wanatoana macho humu kuhusu Bunge na magonjwa ya mlipuko. Mmoja anasema wabunge wanatakiwa waibane Serikali, mwingine anasema wabunge wanajua nini mambo ya udaktari.

Nikasema ngoja niwape langu. Anayetaka kusema ni chai aseme, ila mimi nilikuwepo, na nimelikalia miaka yote hii bila kulielewa vizuri. Labda nyie mtanisaidia.

Ni mwaka hamsini na saba, kabla ya Uhuru, ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Sisi tulikuwa tunakaa Mabawa, hapa Tanga. Baba alishafariki. Nyumbani tulikuwa watatu: mama yangu, Bi Zuhura, kaka yangu Sefu, na mimi. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, nimesoma mpaka darasa la nane, na kiingereza kidogo nilikuwa nacho.

Sasa wakuu, amri za wakati ule zilikuwa hazieleweki kabisa.

Harusi marufuku, soko ruksa. Maulidi yaahirishwe, sinema wazi. Lori la abiria linasimamishwa njiani watu wakaguliwe, lori la manamba wa mkonge linapita moja kwa moja limejaa watu. Ukimuuliza jumbe wa mtaa, anakwambia na yeye kasikia tu.

Sefu alikuwa anachukua mihogo Pongwe anakuja kuuza mjini. Siku moja lori alilopanda likasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akapita na bwana afya mmoja, anayekohoa ashuke.

Sefu akakohoa.

Mpaka anaingia kaburini alikuwa anaapa kwamba lilikuwa vumbi tu. Mimi sijui. Labda kweli alikuwa na homa. Akapelekwa kwenye kambi ya karantini, mabanda ya zamani ya mkonge hukohuko Pongwe, yamezungushiwa waya.

Tuliambiwa ni siku chache. Siku chache zikapita, zikapita tena. Mama akawa anakwenda na kikapu cha chakula, anamkabidhi askari getini, anarudi. Kama kinafika hajui. Akiuliza hali ya mwanawe anajibiwa, "Mama, subiri amri."

Amri ya nani? Askari mwenyewe hajui.

Homa mjini ikapungua, ikaisha. Watu wakarudi kuoana. Sefu bado yuko ndani.

Basi ndipo jumbe akaja kutuambia kuna wajumbe wa Legiko wanakuja Tanga. Legiko ndiyo ilikuwa kama Bunge la wakati ule, Baraza la Kutunga Sheria, vikao vyake Dar es Salaam. Wanataka kuchunguza jinsi Serikali ilivyoendesha mambo ya homa, na mwenye ndugu kambini afike Boma, ofisi za Serikali, akaulizwe.

Mama alielewa kwamba ni mahakama. Nikamwambia, "Mama, si kesi, wanauliza tu." Akasema, "Wazungu hawaulizi bure. Na kwenye kesi mfungwa huletwa." Akafunga wali na samaki wa kukaanga, ili Sefu akiletwa ale.

Boma tukakuta wajumbe watatu wamekaa mezani, Mzungu ndiye mwenyekiti, kulia kwake Mhindi, kushoto Mwafrika mmoja kavaa suti nyeusi. Pembeni daktari wa Serikali. Katikati mkalimani, bwana mmoja maridadi sana, tai imembana shingo.

Mama akaitwa mbele. Akaweka kikapu chini, akajitanda vizuri.

Mwenyekiti akasoma swali, mkalimani akaligeuza: "Je, ulielezwa na Serikali sababu za karantini kwa namna ya kuridhisha?"

Mama akasema, "Mwanangu yu wapi?"

Mkalimani akazungumza kiingereza kirefu. Mimi nikasikia neno thankful. Nikashangaa. Mama kashukuru saa ngapi?

Swali la pili: "Je, kwa maoni yako, huduma ya chakula kambini ilitosha?"

"Mimi sikuingizwa ndani, baba. Nitajuaje? Mwanangu yu wapi?"

Mkalimani akasema, She has no complaint, yaani mama hana malalamiko.

Wakuu, mimi sikuwa mtu wa kusimama mbele za watu, tena wanaume, tena Boma. Lakini nilijikuta nimesimama. Nikasema kwa kiingereza changu cha shule, Sir, no. She is asking where is her son.

Mkalimani akanitazama kama nimemvua nguo. Baadaye nilikuja kumwelewa. Yule bwana alikuwa mtumishi wa Serikali, anatafsiri maneno ya kuisema Serikali, mwajiri wake kakaa palepale. Siku ile nilimchukia tu.

Yule mjumbe Mwafrika akainama mbele, akaongea na mama kwa kiswahili. "Mama, kijana wako yuko kambini tangu lini?"

"Tangu watu walipokatazwa kuoa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia daktari, wakaanza kiingereza, nami nikawa nafuata ninavyoweza.

Akamuuliza, huyu kijana anaumwa? Daktari akajibu kwamba waliomo kambini wote wamepona, wanasubiri amri ya kufunga kambi. Amri inatoka wapi? Dar es Salaam. Na Dar es Salaam wanasubiri nini?

Daktari akakohoa kidogo. Akasema, "Wanasubiri taarifa ya wajumbe nyinyi."

Wajumbe wakatazamana. Yule Mhindi akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Yaani mpaka leo nikilifikiria kichwa kinazunguka. Serikali inangoja Baraza limalize kuuliza kama watu walifungiwa sawasawa. Baraza linauliza pole pole, kistaarabu, mji kwa mji. Na muda wote huo watu wamefungiwa.

Mama akanivuta kanga. "Wanasemaje?"

Nikamwambia, "Mama, wanangojana."

"Wanangojana nini? Mimi niko hapa!"

Mwenyekiti akasema kamati yake haina mamlaka ya kumtoa mtu, kazi yake ni kuuliza. Daktari naye akasema hana mamlaka. Yule wa suti nyeusi akamuuliza daktari, mtu mzima wa afya akitoka getini kwake leo, anavunja sheria gani? Daktari akasema itabidi aulize.

"Basi nenda kaulize," akamwambia. "Sisi tutakungoja hapa."

Na kweli wakakaa. Daktari akatoka kwenda kupiga simu. Sijui aliongea na nani, sijui alijibiwa nini. Aliporudi alimnong'oneza mwenyekiti, kikao kikafungwa, nasi tukaambiwa twende nyumbani. Mama alitoka analia, akiamini kashindwa kesi.

Kesho yake kabla ya adhuhuri Sefu alisimama mlangoni kwetu. Kakonda, lakini mzima.

Mama alimrukia. Alhamdulillahi nyingi, majirani wakajaa. Sefu akakataa kuingia ndani.

"Mama, nina amana ya mtu. Nisipoipeleka sasa sitalala."

Ndipo akatueleza. Kambini alikuwemo mzee mmoja wa kijiji cha Kigombe, Mzee Kombo, alishushwa kutoka lori lilelile. Wao wawili ndio waliolala ubavu kwa ubavu. Yule mzee alizidiwa, akafariki. Ndugu hawakuitwa, kwa sababu kambi haingiwi. Sefu na wenzake wakamwosha, wakamswalia, wakamzika nyuma ya mabanda. Kabla hajakata roho alimwambia Sefu, ukitoka fika kwangu, wasinitafute.

Mama hakubishana. Alimlisha palepale barazani, kisha akaniambia nifuatane naye.

Kigombe tulimkuta mke wa marehemu, Bi Mwanaidi, anasuka ukili. Alipotuona wageni alitukaribisha kwa furaha, akauliza kama tunatoka kambini, kama mzee wake anakula vizuri.

Sefu alianza kusema mara tatu. Mwisho akasema tu, "Bi, nilimwosha kwa mikono yangu."

Yule mama aliweka ukili chini. Hakupiga ukelele. Akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Alikufa siku gani?"

Sefu akasema kule ndani siku zilichanganyika.

"Jitahidi mwanangu. Eda yangu nianzie wapi kuihesabu? Mie hapa nimevaa rangi, nimekwenda ngomani, kumbe mjane?"

Sefu akajitahidi. Ilikuwa baada ya Ijumaa. Mvua ilinyesha. Jumamosi au Jumapili, hajui. Wakatazamana wale wawili, wote wamechanganyikiwa, mimi nalia pembeni.

Haikuishia hapo. Miezi michache baadaye jirani yetu alisoma gazeti barazani kwa sauti. Suala la homa limejadiliwa Legiko. Mjumbe mmoja kauliza kuhusu kambi za karantini, na Serikali imejibu kwamba katika kambi ya Pongwe hakuna aliyekufa kwa mafua.

Sefu akasema, "Soma tena."

Akasomewa tena.

"Kwa hiyo mimi nilimwosha nani?"

Mmoja wa waliokaa pale akasema labda waliandika mzee kafa kwa moyo. Mwingine akasema labda waliandika ni mtu wa shamba la mkonge, si wa kambi. Mwingine akasema Serikali imeongopa tu. Mimi sijui ipi ni kweli. Nimekuwa mtu mzima, nimezeeka, sijui.

Nilichojifunza ni hiki. Baraza kuihoji Serikali ni jambo kubwa, msilidharau. Bila wale watatu kaka yangu angekaa ndani hadi sijui lini. Lakini wakubwa huuliza maswali ya kikubwa, na hujibiwa majibu ya kikubwa. Sefu alitoka kwa sababu mama yake alifika pale akauliza swali moja la kwake, akaling'ang'ania.

Kigombe hawakuitwa. Bi Mwanaidi hakujua hata kama kuna kikao. Basi hapakuwa na mtu wa kuuliza, "Mume wangu yu wapi?"

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Wanasheria mliomo humu, nielezeni ile amri ilikuwa mikononi mwa nani. Na kama kuna mtu wa Kigombe anayemjua Mzee Kombo, ajue mzee wao aliswaliwa na watu wazuri.