Fahali wa Vuno na Fahali wa Kisima

Watu wa Khayega walimjua Protus Shikanga kwa ngumi zake, ambazo zilikuwa zimewalaza wanaume wengi kwenye vilabu vya pombe ya busaa, na kwa fahali wake wa mapigano, Misumari. Mchana Protus alivunja mawe kwenye timbo. Jioni alikata majani ya nepia, akachanganya na molasi na machicha ya busaa, akamlisha fahali huku akimkuna kati ya pembe na kumsemesha kwa Kiisukha, lugha ya kwao, sauti ya chini, ya upole ambao binadamu hakuwahi kuupata kwake. Mkewe alizoea kuwaambia majirani kwamba angezaliwa ng'ombe, angepata bwana mzuri. Mwishowe alichoka, akarudi kwao Navakholo, na Protus hakumfuata.

Upande wa Malinya, Ignatius Mukabwa naye alikuwa na fahali aliyeitwa Radi. Ignatius alikuwa amemwoa Gentrix, dada yake Protus, na kwa ajili ya ndoa hiyo wanaume hao waliapishana mapema kwamba mafahali wao hawatakutana uwanjani. Kila mmoja angempiganisha wake na mafahali wa kwingine.

"Mulamwa," Ignatius alimwambia siku hiyo, kwa lile jina la ushemeji, "wewe unapenda huyo wako, mimi napenda wangu. Tuwachie hapo."

Wakaachia hapo, na miaka ikapita kwa amani, mpaka Shantel alipokuja.

Shantel alikuwa msichana wa Shirere aliyemaliza chuo akakosa kazi, kisha akajipatia ubalozi wa Vuno. Vuno haikuwa benki wala sako, chama cha akiba. Alimweleza Protus pale pale timboni, akiwa amesimama juu ya kokoto na viatu vyake vyeupe.

"Ni programu tu, mzee. Watu wa dunia nzima wanaweka sarafu za simu kwenye bwawa moja. Wengine wanakopa, wewe unapata faida. Hakuna meneja, hakuna ofisi."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Hakuna mwenyewe. Kila mwenye sarafu ya Vuno ana kura. Wakitaka kubadilisha kitu, wanapiga kura mtandaoni."

Protus hakuelewa bwawa lisilo na mwenyewe, lakini alielewa vizuri lililofuata. Vuno ilikuwa na mshindani. Jamaa fulani, hakuna aliyejua wako nchi gani, walikuwa wamenakili programu yote ya Vuno, wakaibadilisha rangi, wakaiita Kisima, kisha wakaahidi faida kubwa zaidi ili kuwavuta watu wahame. Sasa kila mfumo ulikuwa unang'ang'ania watu, mji kwa mji, soko kwa soko. Vuno ilitaka jina lake lionekane mahali ambapo watu wa Kakamega hujaa bila kuitwa. Ilitaka ubavu wa Misumari.

Protus alikubali, na fahali akapakwa rangi ya kijani, VUNO, herufi kubwa kutoka bega hadi paja. Alipompiga fahali wa Shinyalu akamkimbiza hadi ndani ya mahindi ya watu, wanawake wa soko la Khayega walianza kuingia Vuno kwa makundi.

Kisima hawakulala. Haukupita muda, Radi naye akatokea uwanjani na rangi ya buluu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mabalozi wa Kisima walikuja soko la Khayega kuwashawishi wateja wa Vuno wahamishe sarafu, na vijana wa timbo wakawafukuza kwa mawe. Kesho yake vijana wa Malinya wakamvizia mwendesha boda aliyevaa fulana ya Vuno, jina lake Philemon, wakamkanyaga kinywani mpaka meno ya mbele yakabaki barabarani. Kibanda cha simu kikachomwa. Mwanamke mmoja akapigwa mbele ya watoto wake kwa sababu alihama Vuno. Protus mwenyewe alimpiga balozi wa Kisima nyuma ya posho mili, kile kinu cha unga, akaendelea kumpiga hata alipokuwa ameshalala, na alipokuwa akirudi nyumbani alihisi mwili wake mwepesi. Alikuwa hajawahi kuwa mtu wa upande wowote. Sasa alikuwa na upande, na ulimkaa vizuri kama koti.

Watu wakaanza kudai kwamba Misumari na Radi wakutane. Walidai sokoni, kilabuni, hata nje ya kanisa. Gentrix alipanda boda akaja kwa kaka yake.

"Mwambie hapana," alisema. "Ignatius atasema hapana ukisema wewe kwanza."

"Kwa nini niseme mimi kwanza?"

Gentrix alimtazama, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kunywa chai. Siku ikapangwa.

Asubuhi ya pambano ukungu ulikuwa bado umekalia miwa. Ngoma za isikuti zilitangulia, nyuma yake Misumari, nyuma yake watu wa Khayega wakikimbia na matawi na rungu. Upande wa pili wa kiwanja waliingia wa Malinya. Radi alikuwa mkubwa kuliko Protus alivyokumbuka. Ignatius alikuwa ameshika kamba yake, macho chini.

Kabla ya mafahali kuachiliwa, Shantel alikuja mbio akiwa ameinua simu.

"Simamisheni! Wamepiga kura usiku! Tumeungana!"

"Tumeungana na nani?" Protus aliuliza.

"Na Kisima. Kuna mfumo mkubwa unaingia, unaitwa Mkondo, ungetumeza sisi wote. Kwa hivyo Vuno na Kisima sasa ni kitu kimoja." Alikuwa anahema. "Wanataka hawa fahali watembee pamoja, tupige picha, tuitume."

Protus aligeuka akaangalia watu waliokuwa nyuma yake. Philemon alikuwa mbele yao, shimo kinywani, ameshika rungu.

Ignatius alikuwa amesikia. Alivuka kiwanja na Radi wake mpaka wakawa karibu. "Basi turudi nyumbani, mulamwa," alisema. "Hawa wenye kitu wamemaliza. Sisi tunapiganianga nini?"

Lilikuwa neno la maana, na Protus alilijua kuwa ni la maana. Akamgeuza Misumari. Lakini umati ulipoona mafahali wanageuzwa, ulilia kwa sauti moja, halafu mawe yakaanza kuruka. Jiwe moja lilimpiga Shantel kwenye paji la uso, akaketi chini taratibu, damu ikimshuka hadi kidevuni. Jingine lilimpiga Radi karibu na jicho. Radi alirusha kichwa, kamba ikachomoka mikononi mwa Ignatius, na kitu cha kwanza mbele yake kilikuwa ubavu wa kijani wa Misumari.

Pembe zilipogongana zililia kama nyundo juu ya jiwe. Watu walisahau mawe. Misumari alirudi nyuma, udongo ukachimbika chini ya kwato, kisha akapata pa kukanyaga na kusukuma. Walizunguka, wakatenganishwa na mti, wakakutana tena. Rangi ya kijani ilipaka buluu, buluu ikapaka kijani, na juu ya zote ikaja damu. Radi alikuwa ameumia kabla hajaanza, jicho moja lilikuwa limefumba. Baada ya muda alitosheka. Aligeuza shingo, akatafuta njia ya kukimbia, kama afanyavyo fahali yeyote anayekubali kushindwa. Hapo pambano huwa limekwisha. Mwenye fahali aliyeshinda humpigia mbinja wake, akamvuta.

"Mtoe!" Ignatius alipiga kelele. "Protus, mtoe, amekubali!"

Protus alikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Neno lake moja lingetosha, maana Misumari alikuwa akiisikia sauti yake tangu akiwa ndama. Lakini masikio ya Protus yalikuwa yamejaa ngoma, na ule wepesi wa nyuma ya posho mili ulikuwa umemrudia mwilini.

"Maliza!" alisema. "Maliza!"

Misumari alimaliza. Aliingiza pembe nyuma ya mguu wa mbele wa Radi, akainua. Radi alianguka kwa magoti, akatoa sauti ambayo mbuzi angetoa, kisha akalala.

Ignatius hakulia. Alinyakua panga kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu, akaja. Pigo la kwanza lilimkata Protus begani. La pili lingemkata shingo, lakini Protus aliinama, akaokota rungu, akalishusha kwenye kiwiko cha mkono wa kulia wa shemeji yake. Alisikia mfupa ukivunjika. Panga likaanguka. Akapiga tena mahali pale pale, ingawa panga lilikuwa tayari chini.

Polisi walikuja na vitoa machozi, watu wakatawanyika kwenye miwa. Protus alishonwa bega. Mkono wa Ignatius ulifungwa plasta, na ulipofunguliwa ulikuwa umepinda, vidole havifungi.

Muungano ule haukumaliza hata msimu wa mahindi. Wenye sarafu za Vuno walipiga kura nyingine, wakaiacha Kisima, wakajiunga na Mkondo waliokuwa wakiuogopa. Watu wa Malinya waliamka wakakuta nusu ya sarafu za bwawa zimehama.

Shantel alirudi timboni. Alikuwa na kovu juu ya nyusi, na fulana ya buluu.

"Sasa niko Kisima," alisema. "Wanataka Misumari. Wanataka apigane kwa jina lao, huko Malinya, ili watu warudi."

Protus alimkamata ukosi wa fulana, ngumi ikiwa imeshainuka. Msichana hakurudi nyuma.

"Nipige. Nilishapigwa."

Ngumi ilikaa hewani. "Hao wanaopiga kura," Protus aliuliza, "wanajua kuna mtu anaitwa Ignatius?"

"Hawajui hata kama kuna Malinya, mzee."

Alimwachilia. Akaokota nyundo, akarudi kwenye mawe. Shantel alinyoosha fulana yake, akaondoka.

Siku ya pili Protus alimfungua Misumari, akamwongoza hadi Malinya mchana peupe, watu wakichungulia kwenye ua. Ignatius alikuwa ameketi nje ya nyumba, mkono uliopinda mapajani.

"Umeniletea nini?"

"Fahali. Mahali pa Radi."

"Nimfuge?"

"Ni wako. Fanya unavyotaka."

Ignatius aliingia ndani. Alitoka na kisu kirefu, amekishika kwa mkono wa kushoto. Protus alikitazama. Hakuwa amefikiria hilo. Njia nzima alikuwa amefikiria kwamba angekuja Jumapili kumwona, na labda kumkatia nepia.

"Mkono huu hauna nguvu," Ignatius alisema. "Mshike."

Protus alimfunga Misumari miguu, majirani wawili wakasaidia kumlaza. Akamkalia shingoni, akashika pembe zote mbili, akavuta kichwa nyuma. Fahali hakupigana. Alikuwa anaisikia sauti aliyoizoea, maana Protus alikuwa anamsemesha, sauti ya chini, mdomo karibu na sikio. Kisu cha mkono wa kushoto hakikuwa na uhakika. Ilibidi kirudi, na kirudi tena, na damu ikampiga Protus usoni na kifuani, ya moto, na yeye hakuachilia mpaka miguu ilipoacha kurusha.

Ignatius alisimama, anahema, akamnyooshea kisu.

"Chuna wewe. Mimi siwezi."

Protus alichuna. Majirani walikuja na sufuria, wakapewa nyama, wakaondoka. Alipomaliza, Gentrix alitoka jikoni na jagi la maji. Hakuwa amesema na kaka yake tangu ile asubuhi ya ukungu. Alimmiminia maji mikononi, kidogo kidogo, mpaka yakaanza kushuka yakiwa safi, kisha akarudi ndani na kuuacha mlango wazi.