Nyuso za Kliniki ya Tatu

Dada yangu ana jicho la mwewe, lakini jicho lenyewe huona ngozi tu. Nimefanya naye kazi studio miaka kumi na moja. Mimi napokea wateja na kukata picha, yeye anakaa kwenye kompyuta anasafisha watu: chunusi, makunyanzi, makovu, vyote anaviondoa. Mteja akirudi wiki ya pili kusalimia, dada ananinong'oneza, "Huyu nani?" Namwambia, si uliyemsafisha juzi? "Alaa! Yule wa chunusi mbili kidevuni!" Ndivyo anavyowajua binadamu. Asiye na kasoro hamkumbuki kabisa.

Yeye mwenyewe alikuwa na doa. Lilimtoka shavu la kushoto alipomzaa binti yake, jeusi, pana kama kiganja cha mtoto. Mganga hajigangi. Miaka kumi na tisa anawafutia wenzake, lake analifunika kwa mtandio. Mwaka huu akasema basi, imetosha, anatafuta kliniki.

Na alivyoitafuta sasa! Watu wenye akili zao huuliza daktari kasomea wapi. Dada hakuuliza neno. Alikuwa akiingia anakwenda moja kwa moja ukutani, kwenye picha za wateja waliotibiwa, anasogeza pua mpaka kwenye kioo. Kliniki ya kwanza alicheka hadi binti wa mapokezi akanuna. "Hii ngozi imepakwa kwa kompyuta, mwanangu. Na aliyepaka hajui kazi, kasahau masikio." Ya pili vilevile, tukaonyeshwa mlango kwa adabu. Mimi miguu imevimba, nikamwambia achague yoyote twende zetu tukale.

Ya tatu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Haikuwa na redio wala harufu ya dawa, na mwanamke wa mapokezi aliongea taratibu kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Ukutani kulikuwa na picha nane za wanawake. Dada akazikagua moja moja, akarudia, kisha akanishika mkono. "Hazijaguswa," akasema. "Hii ni ngozi yao kweli. Ona vinyweleo." Nami niliona nini? Nilikuwa natafuta kiti.

Matibabu yalikuwa ya vipindi vitatu, kimoja kila baada ya wiki mbili. Walimpaka kitu cha baridi, akafumba macho, akaamka kaburudika. Baada ya kipindi cha pili doa lilikuwa limefifia nusu nzima. Dada akatupa mtandio, akawa anaimba kazini, adhabu ambayo majirani zetu hawakustahili. Kipindi cha tatu kikiisha, walimwambia, atapigwa picha na yeye atundikwe.

Jumatano asubuhi akaja mwanamume na picha ndogo ya mkewe, anataka ikuzwe iwekwe mbele ya jeneza. Tukampa pole. Dada akaifungua kwenye kompyuta, akashika kipanya, halafu akatulia.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hakuna cha kusafisha," akasema. Akaachia kipanya. "Mdogo wangu, huyu mbona yuko kule ukutani?"

Mteja alipoondoka tukafunga studio. Kule kliniki mwanamke wa mapokezi akatutabasamia kama kawaida. Safari hii dada alisimama mbali na ukuta, akatazama nyuso. Mke wa yule bwana alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. "Yule nilimkuza mwaka jana, kwa mazishi," akaninong'oneza. "Yule aliletwa na mama yake. Yule na mumewe. Yule..." Akafika saba. Wote walipita mikononi mwake wakiwa hawana cha kusafishwa, naye alifurahi tu kwamba kazi imekuwa nyepesi.

"Na huyu wa mwisho?" nikauliza.

"Huyu bado hajaletwa."

"Kipindi chako ni Ijumaa, dada," mwanamke wa mapokezi akasema nyuma yetu, polepole. "Usichelewe."

Nilimshusha ngazi kwa kumvuta kama mwizi. Ijumaa hakwenda, na hakuna aliyempigia simu kuuliza. Lakini doa halikusimama. Alitupa krimu zote walizompa, akanawa kwa sabuni ya kufulia, akashinda juani mchana kutwa, na kila asubuhi lilikuwa dogo kuliko jana. Hospitali wakampima damu na moyo, wakamwambia ni mzima wa afya. Daktari akamsifu ngozi. Mimi nikaanza kulichukia shavu lile.

Jana alinikuta nafagia. Doa lilibaki kama punje ya dengu chini ya jicho. Akavuta kiti mbele ya pazia jeupe, akakaa wima.

"Nipige."

"Ya nini?"

"Nipige tu, mdogo wangu, kabla kidoa hakijaisha."

Nilimtukana, sifichi. Nilimwambia ni mjinga, ni mzima, atatuzika sote. Akaningoja nimalize. Nikapiga moja. Tukaifungua kwenye kompyuta, nikashika kipanya, naye akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Siku ukiikuza," akasema, "hicho kidoa usikiguse."