Neno Moja la Vijana wa Rumonge

Mwaka wa uhuru, siku chache kabla ya sherehe, tarishi wa komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, alipita mtaa wetu wa Waswahili kwa baiskeli, akipiga kengele na kutangaza kwamba vijana watapewa neno. Mkuu wake alikuwa amesema kwa Kifaransa *la parole*, yaani nafasi ya kuzungumza. Tarishi alifasiri alivyojua, nasi tukaelewa tulivyoelewa: tumepewa neno, basi ni moja. Hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa tumezoea kupewa vitu vidogo.

Wakati huo nilikuwa barazani kwa fundi cherehani, nimesimama juu ya kasha la sabuni, gauni langu la sherehe limejaa pini, siwezi kupinda hata kiuno. Fundi alikuwa kijana bado, na sauti yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote mtaani. Vijana wakamchagua yeye aseme, kisha wakaja wote kubishana mbele yake, huku naye kashika pini mdomoni na hawezi kujibu. Sasa yuko Kigoma. Alivuka ziwa mwaka wa sabini na mbili, akikimbia mauaji, cherehani ikabaki.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Shule ya wasichana ilikoma darasa la nne, nami nilikuwa nalimaliza. Baada ya hapo kulikuwa na kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani mpaka mtu aje kuniposa. Kama Afrika mpya ilikuwa njiani, nilitaka inikute darasa la tano.

"Umoja," alisema mvuvi mmoja wa Magara. "Afrika yote iko inasema umoja."

"Umoja na nani? Juzi umekata wavu wa shemeji yako!"

"Kazi," alisema muuza mawese.

"We! Wakikupa kazi, nani atakuamusha?"

Ndipo kijana mmoja aliyewahi kusoma Usumbura akagundua kwamba neno la Kiswahili linavutika kama mpira wa baiskeli. Akavuta: "Hatutawanyenyekeeni!" Wakapiga makofi. Muuza mawese hakukubali kushindwa, akaja na lake: "Tutakayowatengenezea!"

"Tutakayowatengenezea nini?"

"Pale ndipo neno limekwisha, ndugu."

Mwalimu wa Kurani alikuwa anapita, wakamsimamisha. "Mwalimu, hii iko neno moja ama iko mawili?"

Mwalimu akafikiri. "Mukilisema bila kupumua, ni moja."

Kuanzia hapo baraza zima likawa watu wanaoishiwa pumzi. Mvuvi alijaribu neno refu kama wavu wake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mutuulize," nilisema juu ya kasha.

"Nani amesema?"

"Ni gauni," alijibu mmoja, wakacheka.

Fundi akatema pini zake kiganjani. "Gauni linasema kweli. Ndani iko wao, iko sisi, na iko kuuliza. Munataka kuongeza nini tena?"

Siku ya sherehe mkuu wa komini alizungumza mpaka kivuli kikatuhama. Mwishowe akawageukia vijana. Fundi akasimama, akavuta pumzi kama mtu anayeadhini.

"Mutuulizeee!"

Akakaa.

Mkuu akangoja. Mkalimani wake akangoja, kalamu hewani. "Endelea," mkuu alisema.

"Limekwisha, bwana mkuu."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikafika mpaka kwenye viti vya wageni. Mkalimani alilieleza lile neno kwa Kifaransa, kwa muda mrefu sana na kwa mikono yote miwili. Mkuu akavua miwani, akaifuta, kisha akatuambia kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Haya. Nawauliza. Munataka nini?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Mvuvi wa Umoja akamtazama muuza mawese wa Kazi, Kazi akatazama viatu vyake. Tungechelewa kidogo tu, mkuu angeshukuru na kuketi. Nikanyanyuka. Mama akaning'ang'ania gauni. "Kaa chini, mutoto!" Mshono wa fundi ukafumuka kiunoni, lakini nilikuwa nimeshasimama.

"Darasa la tano la wasichana."

"La tano tu?" mkuu aliuliza.

"Na la sita," nilisema haraka.

"Na la saba!" alipiga kelele rafiki yangu, na hapo wavulana wakaamka: gati, barabara, mashua ya injini, kila mtu na lake, mkalimani akaweka kalamu mfukoni. Katika zogo lile nikamsikia mama, bado ameshika kipande cha gauni langu: "Na mwalimu wa kike!"

Darasa la tano lilifunguliwa baada ya mvua za kwanza, kwenye ghala la mawese. Daftari zetu zililowa mafuta mpaka ukaweza kusoma somo la jana kupitia ukurasa wa leo. Mwalimu wa kike hakupatikana. Mama alimuuliza mkuu kila alipopita mbele ya nyumba yetu, mpaka mkuu akaanza kupita njia ya ziwani.