Mama Aliyepatanisha Watu kwa Paja la Kuku

Mama yetu wa mtaa wa St Marys, huku ughaibuni, ametutoka. Nilipata habari Jumanne asubuhi nikiwa kwenye treni, na sitaficha, nililia mbele ya watu nisiowajua. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mwepesi wa kusifu watu, hata waliokufa. Lakini huyu alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mcheshi, mbishi, aliyelea wazee wa watu kazini hadi mgongo ukachoka, na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mwingine. Watu wakigombana, hakuwaita nyumbani kwake wala kanisani. Aliwapeleka katikati ya jiji, kwenye mgahawa wa Kifaransa wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliofunga aproni ndefu. Nilipomuuliza kwa nini, alinicheka. "Papa, ku nyumba batu banapiga makelele. Kule kila mutu anaogopa."

Nilikuwepo siku ugomvi ulipokuwa wake mwenyewe. Binti yake alikuwa amehamia kwa rafiki zake bila kuaga vizuri, na mama kwa hasira akamwambia asirudi tena. Miezi ikapita, hakuna aliyempigia mwenzake simu. Mama akaniomba nimwite binti, na nikae nao, maana wakiwa peke yao wangeshindwa. Kwa desturi ya ukoo wao, mzazi hamwombi mtoto msamaha kwa mdomo. Humkatia nyama kwa mkono wake na kumpa. Mtoto akila, yamekwisha. Akikataa, basi tena.

Tukakutana kwenye mgahawa ule ule, kuku wa kuokwa akaletwa na chipsi zake. Mama akasukuma kisu na uma pembeni, akaomba maji ya kunawa. Mhudumu, maskini, akaleta jagi na glasi tatu. Mama akamwambia "Merci," akalowesha kile kitambaa cheupe cha watu, akafuta mikono, akang'oa paja kwa vidole na kumnyooshea binti yake. Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Mum, everyone's looking at us," binti akanong'ona kwa aibu.

"Baache baangalie. Kamata, mutoto yangu."

Binti akatazama mlango, nikajua anaondoka. Mkono wa mama ukabaki hewani, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye saa, naye hakuurudisha. Kisha binti akalipokea lile paja, akaling'ata, akalia huku anatafuna. "Tafuna muzuri," mama akasema. Jumapili iliyofuata binti alilala nyumbani.

Tulikuja mji huu kutafuta maisha, na kazi imetugawanya humo humo ndani ya nyumba. Baba yuko ghalani Ingleburn, mama yuko zamu ya usiku, na watoto hupasha chakula moto kila mmoja akala chumbani na simu yake. Tunaachiana ujumbe kama wapangaji. Ugomvi mdogo ukizuka, hatuna hata saa moja ya kukaa pamoja tuumalize, basi tunauzoea, tunauita amani. Mama yule hakukubali kuuzoea. Aliona heri achekwe na jiji zima kuliko kumpoteza mtoto wake.

Juzi nilikwenda kutoa pole. Binti akaniambia kwamba wiki za mwisho mama hakuweza tena kushika kijiko, na yeye ndiye aliyemlisha, kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka alipokataa hata maji. Alisema hivyo kwa Kiswahili, taratibu, bila kuona haya.

Wewe unayesoma hapa, na kuna mtu wako hamsemezani, najua unangoja aanze yeye. Mama huyu alikuwa mkubwa, tena mzazi, na kwa mila zetu zote alikuwa na haki ya kungoja. Angengoja, angekufa na haki yake, bila wa kumlisha.