Shikamoo Mbele ya Goli

Uwanja wetu ulikuwa na upande wa juu na upande wa chini, kwa sababu milima ya Usambara haina tabia ya kutoa mahali tambarare. Wanaume wa kijiji waliuchimba kwa majembe siku za kazi ya kujitolea, na walipochoka wakauacha hivyohivyo. Timu iliyopanda ilicheza kwa mapafu; iliyoteremka ilihitaji breki.

Saba Saba moja ya miaka ile ya Ujamaa, kijiji kilialika timu ya wafanyakazi wa shamba la chai. Zawadi ilikuwa beberu mweusi. Mwenyekiti wa kijiji alihutubia juu ya umoja mpaka ukungu ukaja, ukakaa, ukaondoka, naye bado anahutubia.

Golikipa wa timu ya chai alikuwa baba mdogo wangu, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Alikuwa karani wa kupima majani kule shambani, mtu mkavu, na alijivunia mikono yake kuliko hata viazi alivyolima. Alipenda kutuambia mezani kwamba hakuna kijana wa kijiji hiki aliyewahi kumfunga. Kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Mshambuliaji wetu naye alikuwa kijana aliyeleta barua ya posa nyumbani miezi minne kabla. Baba mdogo aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia, na hakuijibu. Mimi nilikuwa namtaka yule kijana mpaka chakula hakipiti. Kila nikiiona ile Biblia moyo ulinienda mbio, wala si kwa ucha Mungu.

Mechi ilikaribia kwisha bila bao. Ndipo mchumba wangu mtarajiwa akawatoka mabeki wawili, akabaki yeye na golikipa tu. Kijiji kizima kilipiga kelele: "Piga, mgosi! Piga, bwana!"

Akainua uso, akamwona aliye mbele yake. Tangu barua ipelekwe hawakuwa wamekutana uso kwa uso. Na kwetu humpiti mkubwa bila salamu, sembuse unayetaka akupe binti. Ukimpita, watu watalikumbuka kosa hilo mpaka kwenye msiba wako. Kijana akausimamisha mpira, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu baba mdogo, maana naye amelelewa hukohuko. Kisha akainama, akauchukua mpira miguuni pa kijana, akaupiga mbali. Watu wetu walikuwa bado wameshika vichwa pale wenzao walipofunga upande wa pili. Beberu akateremshwa kwenda kwenye chai, akilia njia nzima.

Wiki ile sikutamani kwenda kisimani. Wanaume walisema kijana ameuza beberu kwa mke, na wasichana wenzangu wakaanza kuniita Mama Shikamoo. Nilimkasirikia sana. Nilijua heshima ni jambo jema, lakini si lazima ifike dakika za mwisho.

Nilidhani walau baba mdogo amefurahi. Wapi! Siku ya nne, tukiwa mezani, alisukuma sahani.

"Watu wanasema nimeokolewa na salamu," akaniambia. "Mwambie Jumapili baada ya ibada aje uwanjani apige. Akifunga, barua yake nitaijibu. Asipofunga, akachumbie kwingine."

"Baba mdogo, hakuna aliyewahi kukufunga."

"Najua," akasema.

Jumapili hiyo nusu ya usharika ilisahau njia ya kwenda nyumbani. Mchungaji alisimama pembeni akijifanya anakagua mikaratusi. Alihitajika mtu nyuma ya goli, kuzuia mpira usiteremke bondeni, nikajitolea kabla hajaombwa mwingine.

Safari hii salamu zote zilimalizwa nje ya uwanja. Kijana akaweka mpira chini, akasita.

"Nipige kweli, baba?"

"Piga. Mimi si mgonjwa."

Akapiga. Mume wangu, maana ndiye huyo, huwasimulia wajukuu kwamba shuti lile lilichana wavu. Hatukuwa na wavu. Hata mwamba wa juu hatukuwa nao, tulifunga kamba ya katani. Na shuti lenyewe, Mungu anisamehe, lilikuja chinichini, likidundadunda, ambalo hata bibi yangu angelizuia kwa fimbo yake. Lilimwendea baba mdogo moja kwa moja.

Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Niliiona ile mikono ikishuka na kufunguka tayari kudaka. Kisha ikarudi, kidogo tu, na mpira ukapita katikati ya miguu yake ukaja kutua kwenye kanga yangu.

Watu walilipuka kwa shangwe. Baba mdogo akajinyoosha, akajipangusa viganja, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, "Kijana ana mguu." Tangu siku hiyo wachuma chai walimtania kwenye mizani kila asubuhi, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kujitetea.

Mimi nililia palepale, nimekumbatia mpira. Mume wangu anaamini hadi leo kwamba nililia kwa uzuri wa shuti lake.